Mwongozo kamili wa kuandaa onyesho la wasanii wenye ulemavu: kuanzia geti la nyuma hadi kwenye maiki

Juni 2019, ndani ya Radio City Music Hall jijini New York, mwigizaji Ali Stroker alikuwa mtu wa kwanza anayetumia kiti mwendo kushinda tuzo ya Tony, ya michezo ya jukwaani. Washindi wenzake waliinuka kwenye viti vyao na kupanda jukwaani huku wakishangiliwa. Yeye alisubiri nyuma ya jukwaa jina litajwe, kwa sababu hapakuwa na rampu ya kutoka kwa watazamaji kwenda juu. Ukumbi ni mkubwa, fedha zipo, mafundi wapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza mapema: huyu akishinda, atapitia wapi?

Kumbi zetu zina kasoro hiyohiyo, tena mara nyingi zaidi. Mwandaaji anatenga viti vya mbele kwa ajili ya watu wenye ulemavu, anaweka rampu kwenye lango kuu, anapiga picha. Nyuma, anakopita msanii, kuna ngazi saba, mlango wa sentimita 65 na choo cha ghorofani. Maana yake ni kwamba mtu mwenye ulemavu alifikiriwa kama mtazamaji, hakufikiriwa kama mwenye shughuli. Mwongozo huu unaanzia huko nyuma.

Wiki nane kabla: mpigie simu msanii, usimkisie

Piga simu kabla ya kulipia ukumbi. Akiwa kiziwi, tuma ujumbe wa maandishi au piga simu ya video mkiwa na mkalimani. Usiulize "una matatizo gani?" Uliza mambo yanayopimika.

Kwa anayetumia kiti: ni cha kusukuma au cha umeme? Upana wake ni sentimita ngapi, mikono ikiwa juu ya magurudumu? (Kiti cha kusukuma cha kawaida kina sentimita 65 hivi, ongeza mikono, unafika 75 hadi 80.) Kina uzito gani? Je, akiwa jukwaani anabaki kwenye kiti chake, anahamia kingine, au anacheza chini sakafuni? Anajihamisha mwenyewe au anasaidiwa? Kama ni baiskeli ya magurudumu matatu ya kuendesha kwa mikono, omba urefu pia. Staff Benda Bilili wa Kinshasa, kundi lililoundwa na wanamuziki waliopooza kwa polio na kutoa albamu yao iliyowapa jina duniani mwaka 2009, walijulikana kwa baiskeli za namna hiyo walizojirekebishia. Baiskeli hizo ni ndefu kuliko kiti mwendo na hazigeuki pale kiti kinapogeuka. Ukumbi uliopimwa kwa kiti unaweza kuzikataa.

Kwa asiyeona: anasoma nukta nundu, anasikiliza simu, au anasoma maandishi makubwa? Anakuja na mtu wa kumwongoza au mtampa? Kwa kiziwi: anatumia lugha ya alama ya nchi gani? Anasikia chochote kwa kifaa? Anataka mkalimani yupi? Wengi wana mtu wanayemwamini na wengine wana mtu wasiyemtaka hata kumwona, na sababu zao si kazi yako.

Wote waulize kuhusu chakula, dawa, muda wa kupumzika na usafiri. Andika majibu kwenye karatasi moja, kisha mpe nakala fundi jukwaa, fundi sauti, mtu wa usafiri na mshehereshaji. Taarifa ikibaki kwenye simu ya mtu mmoja, siku hiyo simu itaisha chaji.

Nenda na futi

Meneja wa ukumbi atakwambia "hapa pako vizuri, hata walemavu wanakuja". Hajadanganya, yeye anakumbuka walioingia, waliokwama walirudi nyumbani. Nenda na futi ya mita tano upime mwenyewe njia nzima: mahali gari linaposimama, geti la nyuma, korido, chumba cha kuvalia, choo, jukwaa, kisha kurudi.

Mlango pima uwazi, usipime ubao. Mlango wa sentimita 80 ukifunguka nyuzi 90 unabakisha kama 75, maana unene wa ubao na bawaba vimekula nafasi. Unataka uwazi wa 80 kwa uchache, 90 ndiyo raha. Ukikosa sentimita tatu au nne, ung'oe huo mlango kwenye bawaba siku ya shughuli utundike pazia zito. Ni kazi ya dakika kumi. Kizingiti kinachozidi sentimita mbili kiwekee kabari ya mbao pande zote mbili.

Korido iwe na sentimita 90, na mahali pa kugeukia kiti pawe duara la mita 1.5. Korido za nyuma ya jukwaa huwa ghala la masanduku ya spika. Pima zikiwa tupu, halafu uliza masanduku yatakaa wapi siku hiyo. Hapo ndipo kipimo kizuri cha Jumatatu kinapoharibika Jumamosi.

Chumba cha kuvalia kiwe chini. Ukiambiwa chumba cha wasanii kiko juu, wahamishie wote chini hata kama ni stoo iliyofagiliwa. Usimtenge mmoja. Mazungumzo ya kabla ya onyesho ndiyo yanayopanga nani ataanza na nani ataongezewa dakika, na aliyewekwa peke yake kwenye ofisi ya mhasibu hayasikii.

Choo ndicho kinachowaumbua wengi. Mlango ukifungukia ndani, mtu akiingia na kiti haufungiki. Geuza bawaba ufungukie nje, au weka pazia na mlinzi anayekubalika na msanii. Choo cha kuchuchumaa hakiwezekani kwa wengi. Kiti cha choo cha kubebeka kinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya hospitali, na wengine hukikodisha. Wasanii kadhaa hujizuia kunywa maji kuanzia asubuhi kwa kuhofia choo, kisha wanaimba koo likiwa kavu. Ukisikia sauti inakwaruza, usilaumu maiki.

Rampu: hesabu ya plaiwudi

Kanuni ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita moja ya kimo inataka sentimita 12 za urefu. Plaiwudi ya kawaida dukani ina mita 1.22 kwa 2.44. Gawanya 2.44 kwa 12, unapata sentimita 20. Basi shika hivi: plaiwudi moja iliyolala kwa urefu inakupandisha sentimita 20. Jukwaa la 20 ni plaiwudi moja, la 40 ni mbili, la 60 ni tatu, na upana wa mita 1.22 unamtosha mwenye kiti na mtu wa kumsindikiza.

Sasa jiulize kama kweli unahitaji jukwaa la mita moja. Ukumbi wa watu 200 wenye sakafu tambarare unatosheka na sentimita 40 ukipanga viti vizuri. Kushusha jukwaa ni rahisi kuliko kuongeza rampu, na hakuna mtazamaji aliyewahi kudai arudishiwe kiingilio kwa sababu jukwaa lilikuwa chini. Wabishi kwenye hili ni mafundi jukwaa. Waambie wapunguze miguu.

Vifaa vya rampu ya sentimita 60: plaiwudi tatu za milimita 18, mbao za inchi 2 kwa 4, skrubu za inchi tatu kwa fremu na za inchi moja na nusu kwa plaiwudi. Misumari iache, inalegea mtu akipita mara kumi. Hatua zake ni hizi:

1. Chini ya kila plaiwudi laza mbao tatu kwa urefu, zikisimama kwa ubavu mwembamba: mbili pembeni, moja katikati. Ukiacha ya katikati, kiti cha umeme kitaibonyeza plaiwudi na magurudumu yatazama kama kwenye matope.
2. Funga mbao za kukingama kila sentimita 60, na miguu kila mita 1.2. Viungo vya plaiwudi viangukie juu ya mguu, kamwe visining'inie.
3. Pembeni funga ubao unaoinuka sentimita 10 juu ya sakafu ya rampu, urefu wote. Huo ndio unaozuia gurudumu kudondoka gizani.
4. Weka vishikio vya mkono pande zote mbili, kimo cha sentimita 90 hivi.
5. Chini kabisa, kata zile mbao kwa mshazari, kisha funika mwisho wa plaiwudi kwa bati nene la milimita tatu, upana wa sentimita 25. Unene wa plaiwudi peke yake ni milimita 18, na tairi ndogo za mbele zikigonga hapo kwa kasi, mtu anarushwa mbele.
6. Paka rangi, na ikiwa bado mbichi nyunyiza mchanga uliochekechwa. Zulia usiweke. Linakunjamana, na linamchosha anayesukuma kwa mikono kabla hajaimba hata ubeti mmoja.

Rampu ya kwenda sentimita 90 inataka plaiwudi nne na nusu, na katikati yake kituo bapa cha mita 1.5 cha kuvutia pumzi. Ikipinda, kona iwe kituo cha mita 1.5 kwa 1.5. Juu, pale inapokutana na jukwaa, acha mita 1.5 tupu. Fundi sauti anapenda sana kuweka spika ya kusikilizia hapo. Chora mstari wa tepu na umwambie ni eneo la barabara.

Jaribu kabla ya siku. Watu wazima wanne wasimame pamoja katikati ya kila plaiwudi, kisha pita na kiti chenye mtu ukipanda na kushuka. Ikilia, ongeza skrubu. Ikiyumba, ongeza mbao za mshazari kati ya miguu.

"Tutambeba tu" si mpango. Viti vya umeme vikubwa huzidi kilo 100 kabla mwenyewe hajakaa. Hata kwenye vile vyepesi, vijana wanne hushika wanachokiona kwanza: sehemu za kuegemeza mikono na za kukanyagia miguu. Sehemu hizo zimetengenezwa zichomoke. Zinachomoka katikati ya ngazi.

Msanii kiziwi, na wakalimani wa aina mbili

Marlee Matlin alipewa Oscar ya mwigizaji bora wa kike mwaka 1987 akiwa na miaka 21, kiziwi wa kwanza kuipata. Mwanaume kiziwi wa kwanza, Troy Kotsur, alifuata mwaka 2022. Usiku ule wa Kotsur kulitokea jambo dogo ambalo kila mwandaaji angepaswa kulijua: aliyemkabidhi, Youn Yuh-jung, aliichukua tena sanamu akaishika yeye, ili mikono ya mshindi ibaki huru kuzungumza. Kiziwi ukimpa ngao, shada la maua na maiki ya kushika kwa wakati mmoja, umemfunga mdomo. Andaa meza ndogo kando yake au mtu wa kupokea.

Waandaaji wengi huagiza "mkalimani" mmoja wakidhani kazi ni moja. Kazi ni mbili. Kuna anayezichukua sauti za jukwaani na kuzitia kwenye alama kwa ajili ya watazamaji viziwi. Huyu anasimama jukwaani, karibu na tukio. Na kuna anayezisoma alama za msanii kiziwi na kuzitia sauti kwa ajili ya wanaosikia. Huyu hukaa mbele ya jukwaa, uso kwa uso na msanii, akiwa na maiki yake. Kosa linalorudiwa kila mahali ni kumweka huyu wa pili nyuma au ubavuni mwa msanii, kisha watu wanashangaa kwa nini ukalimani unakatikakatika. Anaona mgongo, haoni mikono.

Lugha ya alama si moja duniani. Ya Kenya, ya Tanzania na ya Uganda ni lugha tofauti, ingawa watu wa mipakani huelewana kiasi. Katiba ya Uganda ya 1995 iliitaja lugha ya alama, na ya Kenya ya 2010 iliifanya lugha ya alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge. Ukileta mkalimani kutoka Nairobi kwa watazamaji wa Tanga kwa sababu ana video nzuri mtandaoni, watazamaji wako watabahatisha. Kwa Tanzania anza na CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania. Kwa Kenya, chama cha wakalimani na chama cha viziwi.

Kumjaribu mkalimani usiyemjua kunachukua nusu saa. Mpe hotuba ya dakika mbili arekodi video. Tuma video bila sauti kwa viziwi wawili wasiokaa pamoja, waombe waandike kilichosemwa. Ukilinganisha na maandishi ya awali utajua. Anayesikia hawezi kuamua kwa macho, kwa sababu mikono inayopunga kwa kujiamini inafanana na lugha. Desemba 10, 2013, kwenye ibada ya kumuaga Nelson Mandela Johannesburg, mkalimani alisimama kando ya marais dunia nzima ikitazama, na viziwi ndio waliosema mara moja kwamba alichokuwa akikifanya hakina maana.

Onyesho likizidi saa moja, leta wakalimani wawili, wapokezane kila dakika 20 hadi 30. Baada ya hapo ubongo unachoka, maneno yanaanza kuachwa, na mkalimani mwenyewe hatajua kwamba ameyaacha. Nguo ziwe za rangi moja, tofauti na ngozi ya mikono: mwenye ngozi nyeusi nguo ya kijivu hafifu au samawati, mwenye ngozi nyeupe nguo nyeusi. Vitenge vya maua, pete na bangili zibaki nyumbani.

Maneno ya nyimbo yampate siku kumi kabla, pamoja na majina ya watu na mahali. Kwa taarab ongeza kikao cha ana kwa ana na mtunzi. Mkalimani asipojua fumbo atamtafsiri njiwa awe njiwa, na ukumbi mzima ukicheka kwa kijembe, viziwi watabaki wanatazama ndege.

Taa ya mkalimani iwe na swichi yake. Fundi taa akizima jukwaa lote ili kuleta hisia, kwa kiziwi ni kama umezima spika. Taa za kumetameta nazo zinazikata alama vipande, mbali na kwamba zinaweza kumwangusha mwenye kifafa, ziondoe. Na kwa kuwa umeme unakatika, mweke mtu mwenye tochi mbele ya mkalimani. Sekunde zile jenereta inapojikongoja ndizo ambazo wanaosikia wanaambiwa "tulieni", na viziwi hawaambiwi chochote.

Kama kiziwi anacheza ngoma au anapiga chombo, sakafu ni sehemu ya vyombo. Evelyn Glennie, mpiga ngoma wa Uskoti aliyeongoza wapigaji wapatao 1,000 kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya London 2012, hupiga miguu ikiwa mitupu ili aupokee mtetemo. Jukwaa la mbao lililo wazi chini hupitisha mtetemo, saruji huumeza. Kwa hiyo ukumbi wa saruji uwekee jukwaa dogo la mbao, na spika ya besi ikae juu ya mbao hizo, isikae pembeni kwenye sakafu. Usimlazimishe mtu avue viatu lakini, muulize.

Ishara za kuanza ziwe za mwanga: balbu nyekundu "jiandae", ya kijani "anza", zikiwa mahali anapotazama bila kugeuza shingo. Kumwita, mguse bega au piga mguu kwenye mbao. Kumrushia chupa ya maji, jambo linalofanyika, ni utovu wa adabu.

Kwa matangazo ya runinga, kidirisha cha mkalimani kisiwe chini ya sehemu moja ya sita ya skrini, ndicho kipimo ambacho wasimamizi wa utangazaji Uingereza wamekishauri. Kata picha kuanzia juu kidogo ya kichwa hadi chini ya kiuno, viwiko vyote vikionekana, na video iwe ya fremu 25 kwa sekunde au zaidi, la sivyo vidole vinakuwa ukungu. Sheria ya Kenya ya 2003 ilishavitaka vituo viweke lugha ya alama au maandishi kwenye taarifa za habari na vipindi vya elimu. Wengi waliweka kidirisha, kisha wakapitisha mkanda wa maandishi juu ya mikono.

Msanii asiyeona

Kinachomwangusha asiyeona jukwaani si giza, ni mabadiliko. Amefika saa tisa, ametembezwa, amehesabu hatua, amejua kinanda kiko wapi. Saa moja usiku mtu amesogeza kinanda nusu mita ili kamera ione vizuri.

Mtembeze mara mbili, mara ya pili yeye akiongoza. Unapomwongoza, ashike kiwiko chako. Usimsukume mgongoni, maana anayetangulia ndiye anayekutana na shimo. Mwelekeo mpe kwa namba za uso wa saa, 12 ikiwa mbele yake: "maiki iko kwenye 12, hatua tatu, maji kwenye 8, usawa wa mkono". Kamba nene ibandike kwa tepu sakafuni, mita moja kabla ya ukingo, urefu wote wa jukwaa. Mguu ukiigusa anajua amefika mpaka. Nyaya zote zipite upande mmoja, chini ya mkeka. Kitako cha maiki kiwe duara na kizito, kwani vile vya miguu mitatu vinakwaza. Baada ya hapo, funga jukwaa: anayetaka kusogeza chochote amwambie kwanza msanii, ampeleke akiguse kilipohamia.

Hati ya mshehereshaji asiyeona iandaliwe kwa nukta nundu au isomwe kwenye kifaa cha sikioni na mtu mmoja, sauti moja. Kwenye tuzo za Grammy za 2016 Stevie Wonder alitangaza mshindi kwa kusoma kadi ya nukta nundu, akawatania wenzake kwamba wao hawawezi kuisoma. Kuchapisha karatasi hizo mjini kwenu kunaweza kuchukua siku kadhaa. Shule na vyama vya wasioona huwa na mashine. Mpangilio wa shughuli ukibadilika dakika za mwisho, na utabadilika, kadi haitabadilika, kwa hiyo kifaa cha sikioni kiwepo vilevile.

Msanii mwenye ualbino

Hapa watu hukimbilia ngozi wakasahau macho. Mafuta ya kukinga jua ya SPF 50, kofia pana na kivuli ni vya lazima kwa shughuli ya mchana, hata kama ni kupima sauti kwa saa moja tu saa nane alasiri. Lakini ndani ya ukumbi, tatizo ni taa. Macho ya wengi hayavumilii mwanga mkali na hayaoni mbali. Taa ya mbele ipandishe, imulike kwa mshazari wa nyuzi 45 kutoka juu, isimpige usawa wa macho. Maandishi yawe ya ukubwa wa 24, mkononi au kwenye stendi iliyo karibu. Skrini ya kusomea iliyo mita nne mbele ni mapambo. Mpangilio wa nyimbo uliobandikwa sakafuni pia hausomeki.

Salif Keita wa Mali amejaza kumbi duniani akiwa na ualbino. Kutoka Ukerewe, wanakikundi wa Tanzania Albinism Collective walitoa albamu mwaka 2017. Kwa kuwa kanda ya Ziwa imeshuhudia mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino, usalama si jambo la kupuuza: gari la mlango hadi mlango, dereva anayejulikana, na jina la nyumba ya wageni lisiandikwe kwenye tangazo wala kwenye kundi la WhatsApp la watu mia mbili.

Mdomo wa mshehereshaji

Kiswahili kimewaweka watu wengi kwenye ngeli ya KI-VI, ngeli ya vitu: kilema, kipofu, kiwete, kiziwi. Kati ya hayo, kiziwi limechukuliwa na viziwi wenyewe, lipo hata kwenye jina la chama chao, kwa hiyo litumie. Mengine badala yake sema mtu mwenye ulemavu, asiyeona, mtu mwenye ulemavu wa viungo. Zeruzeru acha, sema mtu mwenye ualbino. Kiziwi usimwite bubu. Na upatanisho uwe wa mtu: "kiziwi amefika", hata ukimtania.

Utambulisho uanze na kazi: "Mpiga gitaa, mtunzi wa nyimbo hizi na hizi, kutoka Tandale." Ulemavu wake watu watauona, kama unaonekana, kama hauonekani, ni wake kuusema. Maneno kama "licha ya hali yake" na "ametutia moyo sana" yanamshusha msanii kutoka mtu wa kukosolewa hadi mtu wa kuonewa huruma. Akiimba vibaya, aimbe vibaya kama msanii.

Kwenye mahojiano mtazame msanii, usimtazame mkalimani wala msaidizi. Sema "albamu yako inatoka lini?", usiseme "muulize albamu yake inatoka lini". Kamera ishuke usawa wa macho ya aliyekaa, na mhoji akae. Kiti mwendo kisishikwe wala kuegemewa: ni sehemu ya mwili wa mtu.

Malipo

Malipo ya msanii ni ya msanii. Nauli, chumba na chakula cha msaidizi au mwongozaji, pamoja na malipo ya wakalimani, ni gharama za shughuli na zinakaa mistari yao kwenye bajeti. Ukivichanganya, msanii mwenye ulemavu anajikuta analipwa nusu ya mwenzake kwa kazi ileile. "Tunakupa jukwaa ujulikane" si malipo; kama mpiga besi analipwa, naye alipwe. Wakalimani waweke nafasi mapema zaidi shughuli ikiangukia karibu na Septemba 23, siku ya lugha za alama, au Desemba 3, siku ya watu wenye ulemavu. Siku hizo kila ofisi inakumbuka kwamba viziwi wapo.

Siku yenyewe

Geti la nyuma lifunguliwe na mlinzi aelezwe kwa majina. Walinzi huwafukuza wasanii wenye ulemavu wakidhani wamekuja kuomba. Gari lisimame mlangoni, si mita mia kwenye kokoto.

Kupima sauti kufanyike na kila kitu: mkalimani mahali pake, taa zikiwa zimewashwa kama zitakavyokuwa, kiti kikipanda na kushuka rampu. Stendi ya maiki ya aliyekaa iwe fupi yenye mkono wa kupinda, iingie kutoka ubavuni, kwa sababu ile ndefu iliyonyooka inagonga sehemu ya kukanyagia miguu na msanii anaishia kuimba akiwa ameinama shingo. Chaja ya kiti cha umeme iwe na soketi yake, isinyang'anywe na simu za watu.

Kila msanii apewe mtu mmoja wa kumjulisha kukiwa na hatari. Kiziwi aliye peke yake kwenye chumba cha kuvalia hasikii king'ora. Asiyeona hajui moshi uko mlango upi. Mwenye kiti hawezi kutumia njia ya dharura yenye ngazi. Mpitishe mtu huyo njia ya kutokea kabla watazamaji hawajaingia.

Viziwi hushangilia kwa kuinua mikono na kuitikisa hewani. Waambie watazamaji mwanzoni, na taa za ukumbi ziwashwe kidogo mwisho wa kila wimbo ili msanii kiziwi aione hiyo mikono.

Halafu kuna vijana wa kubomoa. Wimbo wa mwisho ukiisha wanaingia na bisibisi, na kitu cha kwanza kilicho njiani mwao ni rampu, kwa kuwa masanduku hayapiti. Dakika kumi baadaye ukumbi ni mtupu, na mwanamuziki yuko juu ya jukwaa na kiti chake, anatazama ngazi. Chukua rangi nyekundu, andika ubavuni mwa rampu kwa herufi kubwa: HII INANG'OLEWA MWISHO.